Kabla ya kuchagua butloda, amua kerneli itakaa wapi

Ukisakinisha Linux, swali la butloda (programu inayoanzisha mfumo), yaani GRUB au systemd-boot, mimi huliweka la pili. La kwanza ni kerneli, kiini cha mfumo, itakaa kwenye patisheni (sehemu ya diski) ipi, maana hilo ndilo linalopanga diski nzima.

Ukishawasha kisakinishi, andika `ls /sys/firmware/efi` kwenye teminali. Folda isipokuwepo, umeingia kwa BIOS ya zamani, si kwa UEFI, programu ya kuwashia ya mashine mpya: zima, rudi kwenye menyu ya kuwashia, chagua flashi ile ile kwa jina lenye UEFI. Jedwali la patisheni liwe GPT. Kwa mashine mpya sioni sababu ya MBR, aina ya zamani ya jedwali hilo.

systemd-boot ni nyepesi, na mipangilio yake ni mafaili mafupi ya maandishi. Lakini yenyewe haisomi ext4 wala Btrfs, mifumo ya mafaili ya Linux. Inategemea UEFI, ambayo kwa kawaida inajua FAT tu, kwa hiyo kerneli na initramfs (mfumo mdogo wa muda unaosaidia kerneli kuwaka) hukaa kwenye patisheni ya EFI, ile ambayo UEFI huisoma. Hapo ndipo watu wanapokwama. Windows mara nyingi hutenga MB 100, na initramfs moja yenye draiva za NVIDIA inaweza kuzimaliza zote. Nafasi ikiisha katikati ya sasisho, faili linabaki nusu na kerneli hiyo haiwaki. Kupanua nako ni taabu, kwa kuwa patisheni inayofuata imeanzia pale pale hii inapoishia. Diski ikiwa tupu, tenga GiB 1, aina `ef00` kwenye gdisk (programu ya kugawa diski), kisha `mkfs.fat -F 32`. Kama Windows imo, tafadhali usiifomati patisheni yake ya EFI: utafuta butloda yake. Iache, uongeze nyingine ya GiB 1 aina `ea00`, nayo ya FAT32. Systemd-boot itasoma kerneli humo.

GRUB inasoma ext4 na Btrfs, hivyo kerneli inaweza kubaki kwenye mzizi (patisheni kuu ya Linux), na kwa anayetaka kuwasha kutoka snapshoti za Btrfs (nakala za hali ya awali ya mfumo) ningeshauri hiyo. Tatizo ni usimbaji, yaani kuifunga diski kwa nenosiri: LUKS2, muundo wa usimbaji unaotengenezwa na programu ya cryptsetup, hutumia Argon2id (njia ya kugeuza nenosiri kuwa ufunguo) isipoambiwa vingine, na GRUB 2.12 haiielewi. Ukisimba diski, weka kerneli kwenye patisheni ya `/boot` ya ext4 isiyosimbwa, GiB 1, na mzizi uliosimbwa ufunguliwe na initramfs.

Swapu (nafasi ya diski inayosaidia RAM) ilingane na RAM ikiwa utatumia haibaneti, yaani kuzima mashine huku kazi zilizo wazi zikihifadhiwa diskini. Kwenye fstab, faili linaloorodhesha patisheni za kufunguliwa, andika UUID (kitambulisho cha patisheni kisichobadilika ukiwasha tena), kwani ukiwa na diski mbili za NVMe, `nvme0n1` ya leo inaweza kuwa `nvme1n1` ukiwasha tena.