Najijua mwenyewe? Dhana potofu kuhusu kujichunguza na kutazama

Dhana: "Sababu ya ninachofanya naijua mimi, hakuna mwingine."

Ukweli: Unachohisi unakijua wewe, hilo silibishi. Sababu yake ni habari nyingine. Nilipokuwa mdogo nilimsaidia shangazi kuuza dagaa Kibirizi, hapa Kigoma. Mafungu yote yalitoka gunia moja, kwa kopo lilelile. Wateja waliinama, wakanusa, wakamvunja dagaa mmoja kichwa wasikie kama amekauka, wakapita mstari mzima, kisha wengi wakachukua fungu la mwisho. "Hili ndilo kavu, hayo mengine yana mchanga." Hawakuwa waongo. Waliamini walichosema.

Nilikuja kuelewa niliposoma utafiti wa mwaka 1977 wa wanasaikolojia wawili wa Marekani, Nisbett na Wilson. Watu waliwekewa jozi nne za soksi ndefu za kike, zinazofanana kabisa, wachague iliyo bora. Jozi ya kulia kabisa ilichaguliwa karibu mara nne zaidi ya ile ya kushoto kabisa. Hakuna aliyetaja mahali ilipowekwa, na walipoulizwa kama mahali palichangia, karibu wote walikataa. Nilimkumbuka shangazi na mafungu yake.

Kwa hiyo, ukitaka kujua kwa nini unagombana na watoto kila jioni, usiiulize nafsi peke yake. Chukua daftari, andika kwa wiki mbili: saa ngapi, ulikuwa umekula, nani alikuwepo. Na muulize anayeishi nawe. Yeye anauona uso wako, wewe huuoni.

Dhana: "Basi kujichunguza hakuna maana."

Ukweli: Wilhelm Wundt alipoanzisha maabara ya saikolojia Leipzig, Ujerumani, mwaka 1879, alitegemea watu waliofundishwa kueleza papo hapo walichohisi. Mwaka 1913 mwanasaikolojia wa Marekani, John Watson, akataka mambo ya ndani yaachwe, zibaki tabia zinazoonekana. Kwa maoni yangu alipitiliza. Hadi leo muuguzi anakuuliza maumivu yako ni ngapi, sifuri hadi kumi, kwa kuwa hakuna kipimo cha damu kitakachomjibu.

Dhana: "Mtazamaji mzuri hukaa mbali, hajihusishi."

Ukweli: Julai 1960 Jane Goodall, Mwingereza aliyekuja kuchunguza sokwe, alifika msitu wa Gombe, kaskazini mwa mji wetu. Miezi ya mwanzo sokwe walimkimbia, akabaki kuwatazama kwa darubini kutoka kilimani. Kabla mwaka haujaisha alimwona sokwe mmoja, aliyempa jina David Greybeard, akichomeka jani la nyasi kwenye kichuguu, akilichomoa na kula mchwa waliong'ang'ania. Siku hizo wataalamu wengi waliamini zana ni za binadamu tu. Sokwe alipoondoka, Goodall alikiendea kichuguu, akaokota jani, akalichomeka tunduni. Ndipo akahisi kwa vidole vyake mchwa wakilivuta.