Kwa nini tundu dogo la kinenani humlaza mgonjwa wa moyo saa nzima nzima?

"Sista, mbona kidonda chenyewe sikioni? Niache niende msalani."

"Vumilia, mzee wangu. Usikunje mguu huo."

Ndivyo ilivyo katika wodi za moyo, iwe Mulago jijini Kampala au kwingineko. Mzee amepitishiwa katheta, mrija mwembamba, kutoka kinenani hadi moyoni. Tundu lina upana wa milimita 2 hivi, kama punje ya ulezi. Mbona basi alale chali kwa muda wa saa 4 au hata 6?

Kwa sababu kilichotobolewa ni ateri, mshipa unaotoa damu moyoni. Sindano ya kupimia damu huingia kwenye vena, mshipa unaorudisha damu moyoni, ambamo damu hupita taratibu; unabonyeza pamba kidogo, imekwisha. Damu ya ateri husukumwa na moyo kila pigo, tena mgonjwa ameshapewa dawa ya heparini ili damu isigande. Hivyo muuguzi huukandamiza mshipa kwenye mfupa wa paja dakika 15 hadi 20, bila kuachia hata kuchungulia. Vipo pia vya kuzibia tundu la ateri: vizibo vya kolajeni (aina ya protini), nyuzi na vibanio. Humwinua mtu mapema, lakini huweza kufyatuka, kuingiza vijidudu, au kuziba ateri yenyewe, mguu ukawa wa baridi na ganzi.

Shuka likilowa damu kila mtu ataona. Ninachokihofia mimi ni damu ya ndani. Sindano ikiingia juu mno, hakuna mfupa wa kukandamizia, na damu hujificha nyuma ya tumbo. Kinena ni kizima kabisa, ila mgonjwa analalamikia mgongo, jasho jembamba linamtoka, presha inashuka. Tafadhali usimwambie ni uchovu wa kulala. Mwite daktari hapo hapo.

Siku za baadaye, uchunge uvimbe unaodunda: damu imejitengenezea mfuko kando ya ateri. Ultrasaundi huuonyesha, na mara nyingi sindano ya dawa ya kugandisha damu hutosha bila upasuaji.

Mwaka 1989 Lucien Campeau wa Kanada alieleza njia ya kupitia kifundo cha mkono, na leo wengi huipendelea. Ateri iko juu juu, mfupa uko chini yake. Mgonjwa hufungwa bangili ya kubana, akakaa na kunywa chai yake.

Aliyepitishiwa kinenani asipande bodaboda kurudi nyumbani. Damu ikianza njiani, mlaze chali, kandamiza kwa vidole juu kidogo ya tundu la ngozi, maana ateri ilitobolewa juu zaidi ya hapo, na mrudisheni hospitali vidole vikiwa palepale.