Je, wajua kwa nini mapovu mwilini hayatoshi kueleza kifo cha mzamiaji?

Ukisimama ufukweni Matema, wilayani Kyela, ukalitazama Ziwa Nyasa limetulia chini ya Milima ya Livingstone, utadhani hatari yake ni kuzama tu. Anayezamia na mtungi wa hewa mgongoni ana hatari nyingine, nayo imo ndani ya kifua chake.

Kila mita 10 za kina huongeza shinikizo karibu sawa na lile la angahewa yote juu yetu. Mzamiaji wa kina hicho akishikwa na hofu, akapanda huku amebana pumzi, hewa iliyo mapafuni hutanuka karibu maradufu. Mapafu hupasuka, hewa huingia kwenye damu, hupita moyoni na kufika kwenye ubongo. Mara nyingi mtu huibuka, kisha huzimia ndani ya dakika chache. Akizimia majini huvuta maji, na hapo ndipo ripoti huandikwa "amekufa maji" na chanzo chenyewe kikapotea.

Basi daktari akikuta mapovu, si amepata jibu? Hapana. Mwili wa aliyepumua hewa ya mtungi kwenye kina huwa na gesi ya naitrojeni iliyoyeyuka. Ukitolewa majini, gesi hiyo huchomoza kama soda iliyofunguliwa, hata kama marehemu alikufa kwa moyo. Kuoza nako huzalisha gesi, na joto la Kyela haliwasubiri wachunguzi. Ndiyo maana picha za CT scan hupigwa mapema iwezekanavyo, kabla kisu hakijagusa mwili, kwa sababu kupasua kwenyewe huingiza hewa mishipani. Gesi ikipimwa maabara, haidrojeni au methani huashiria kuoza.

Kwetu kuna jambo la ziada. Ziwa liko mita zipatazo 475 juu ya usawa wa bahari, Mbeya mjini takribani 1,700. Mwili ukipandishwa kupitia Tukuyu, shinikizo la hewa hushuka na mapovu hutanuka kwa kama asilimia 15. Saa ya kutolewa majini na safari yenyewe lazima viandikwe. Mzamiaji aliye hai naye asikimbilie kupanda mlima huo mara tu atokapo majini.

Vifaa navyo ni ushahidi. Anayefunga mtungi ahesabu mizunguko ya koki na kuiandika, asipunguze hewa, maana iliyobaki hupimwa kama ina gesi ya sumu ya kaboni monoksidi. Kompyuta ya kuzamia, ile mzamiaji anayoivaa mkononi kama saa, ihifadhiwe ilivyo: mchoro wake wa kina na muda huonyesha kama alipanda polepole, au alifyatuka kutoka chini dakika ya mwisho.