Mikunde hurutubisha shamba, lakini si kwa kuchoma masalia yake

Tarehe 10 Februari ni Siku ya Mikunde Duniani, na wataalamu watawakumbusha wakulima kuwa mbaazi, kunde, choroko, dengu na maharage hurutubisha udongo. Ni kweli. Hata hivyo, malalamiko yanayotufikia yanaongezeka: mtu amelima maharage msimu hadi msimu, mahindi yanayofuata bado yana majani ya njano. Tukiuliza masalia yalikwenda wapi, jibu karibu kila mara ni lile lile. Maharage yaling'olewa na mizizi yake, yakapigiwa nyumbani, makapi yakachomwa moto.

Jamani, sasa udongo ungepata nini? Bakteria walio kwenye vinundu vya mizizi huchukua naitrojeni, kirutubisho cha mimea, kutoka hewani na kuupa mmea, na sehemu kubwa huishia kwenye punje unazouza. Inayobaki kwa ajili ya mahindi imo katika majani, mashina na mizizi. Ukivichoma, inapotelea hewani. Kata mmea usawa wa ardhi, na makapi yarudishwe shambani. Tena mazao haya hayalingani. Maharage ni dhaifu kwa kazi hii. Mbaazi hukaa shambani muda mrefu na kupukutisha majani mengi, ndiyo maana wakulima wa Babati, mkoani Manyara, huzichanganya na mahindi.

Maua yanapoanza, chimbua mmea mmoja. Usiuvute, vinundu vitabaki ardhini. Osha mizizi taratibu, kisha pasua kinundu kwa ukucha: ndani kikiwa chekundu au waridi, kinafanya kazi, kikiwa cheupe au kijani, hakifanyi. Mara nyingi tatizo ni uhaba wa fosforasi (kirutubisho kingine cha udongo), tindikali ya udongo, au mbolea ya urea iliyozidi.

Fosforasi haikisiwi kwa macho, udongo hupimwa. Chukua udongo sehemu 15 hadi 20 kwa kwenda zigizaga, kina cha sentimita 20, ukiepuka palipokuwa na zizi, kichuguu au jivu. Changanya kwenye ndoo safi, isiwe iliyobeba mbolea. Anika kivulini, pima nusu kilo, andika jina lako, kijiji, shamba na zao lililotangulia, kisha mpe afisa ugani. Sampuli isiyo na maelezo haya inachelewesha majibu.

Kuhusu mbegu, nunua mfuko uliofungwa wenye lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali ya Tanzania inayothibitisha ubora wa mbegu. Tunza lebo na risiti hadi uvune, na ubakize mbegu kidogo kwa ajili ya vipimo. Kuuza mbegu bandia ni kosa chini ya Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003, na anayetiwa hatiani hukabiliwa na faini au kifungo. Lakini mkaguzi hawezi kumfikisha muuzaji mahakamani kwa maneno matupu. Mbegu zisipoota, toa taarifa kwa afisa ugani wa kata mara moja, kabla hujalima upya eneo hilo.