Je, wajua kwa nini walimu weusi wa Marekani walipoteza kazi shule zilipochanganywa?

Kwa miaka mingi niliamini kuwa tarehe 17 Mei 1954 ilikuwa siku ya shangwe tupu kwa walimu weusi wa Marekani. Siku hiyo majaji wote 9 wa Mahakama ya Juu, katika kesi ya Brown dhidi ya Bodi ya Elimu ya Topeka, walitamka kwamba kuwatenga wanafunzi wa shule za umma kwa rangi kunakiuka katiba. Nilidhani watoto walichanganyika, na walimu wao vilevile. Kumbe walimu na walimu wakuu weusi wanaokadiriwa kufikia 38,000 walipoteza kazi kati ya 1954 na 1965, katika majimbo 17 ya kusini na ya mpakani mwake.

Dalili zilitangulia hukumu. Mwaka 1953, kesi ikingali mahakamani, ofisi ya elimu ya Topeka ilimwandikia mwalimu mweusi kwamba utengano ukibatilishwa, bodi itachukulia kuwa wakazi wengi hawatapenda watoto wa kizungu wafundishwe na weusi. Yaani alinyimwa kazi kwa ushindi ambao haujapatikana.

Ilikuwaje? Chukua majahazi mawili, kisha itoke amri kwamba abiria wote wasafiri pamoja. Abiria wa jahazi la pili wanapandishwa la kwanza, na la pili linavutwa ufukweni. Nahodha na mabaharia wake je? La kwanza lina wake tayari. Kesi ilidai haki ya abiria. Ajira ya mabaharia haikuwamo katika hukumu. Shule zilizofungwa zikawa hasa za weusi, na walimu wakuu ndio walioumia zaidi, maana jahazi moja halibebi manahodha wawili.

Hesabu ya 38,000 ishikwe kwa tahadhari. Mikataba mingi ilikuwa ya mwaka mmoja, na usipohuishwa, kwenye karatasi hukufukuzwa.

Kosa langu la pili lilikuwa kuamini kisingizio kwamba walimu weusi walikosa sifa. Kwa kuwa vyuo vikuu vya wazungu kusini viliwafungia milango, baadhi ya majimbo yaliwalipia karo wakasome kaskazini, mradi wasiombe nafasi nyumbani. Wengi wakarudi na shahada za uzamili. Ubaguzi ulijigharamia wapinzani wenye vyeti vizito!

Wengine walifukuzwa waziwazi. Mwaka 1956 jimbo la South Carolina lilipiga marufuku watumishi wa umma kuwa wanachama wa NAACP, chama cha kutetea haki za weusi kilichoendesha kesi ile. Septima Clark, mwalimu mweusi aliyekuwa amefundisha kwa miaka 40 hivi, alikataa kujitoa. Akapoteza kazi na pensheni, ambayo alirudishiwa mwaka 1976. Mapema 1957, darasa alilosaidia kulianzisha la kuwafundisha watu wazima kusoma ili waandikishwe kupiga kura lilikuwa limeshafunguliwa katika kisiwa cha Johns, nyuma ya duka. Mwalimu wa kwanza wa darasa hilo, Bernice Robinson, alikuwa msusi.