Kila Disemba lazima nirudi kwa Scrooge

Mi nafundisha fasihi, riwaya za Uingereza za karne ya 19 ndo kazi yangu, na kila Disemba bila kukosa nakisoma upya A Christmas Carol cha Charles Dickens, tena kwa sauti. Ni kifupi, sura tano tu, ila mwenyewe aliziita beti, kama za wimbo, basi nasoma ubeti mmoja kila usiku, siku tano nimemaliza.

Watu wananiuliza unarudiaje kitu ambacho mwisho wake unaujua? Sasa utamu wenyewe ndo unaanzia hapo, maana ukishaujua mwisho unaacha kukimbiza hadithi na unaanza kusikia maneno yanavyomrudia Scrooge, yule mzee bahili ambaye usiku wa kuamkia Krismasi anajiwa na roho zinazomwonesha maisha yaliyopita, ya sasa na yajayo. Angalia ubeti wa kwanza, wanakuja mabwana wawili kuchangisha kwa ajili ya maskini, anawauliza kwani magereza hayapo? Wakimwambia wengi ni bora wafe kuliko kupelekwa huko, anajibu basi wafe, wapunguze watu waliozidi. Ubeti wa tatu anamuona Tiny Tim, kale katoto kanakotembelea gongo, mtoto wa karani wake Bob Cratchit, anauliza kwa uchungu huyu ataishi kweli? Na roho inamjibu kwa maneno yake yeye mwenyewe, akifa si atapunguza watu waliozidi! Mara ya kwanza kusoma unaweza kulipita hilo, mara ya kumi unaanza kuliogopa tangu ubeti wa kwanza.

Hasira ile Dickens hakuiokota njiani. Mwaka 1824, ana miaka 12, baba yake alifungwa gereza la Marshalsea kwa sababu ya madeni, mtoto akapelekwa kiwandani kubandika lebo kwenye vichupa vya dawa ya viatu. Mwaka 1843 akasoma ripoti ya serikali kuhusu ajira za watoto, akataka kuandika kijitabu cha kulalamika, halafu akabadili mawazo akaandika hadithi, wiki kama sita hivi, ikatoka tarehe 19 Disemba na nakala 6,000 zikaisha kabla ya Krismasi. Bei ilikuwa shilingi 5 za Kiingereza. Bob analipwa 15 kwa wiki, yaani angetaka kununua kitabu ambacho yumo ndani yake, theluthi ya mshahara ingeondoka.

Zamani nilikuwa napenda ile dansi ya kwa mzee Fezziwig, bosi wa Scrooge enzi za ujana wake. Siku hizi kinachonishika ni yule mtoto aliyebaki peke yake darasani wenzake wote wameshaenda likizo, anasoma karibu na moto hafifu, na Scrooge mzee anamwangalia, anajiona yeye, analia, halafu ghafla anasema jana kuna kijana alikuja kuimba mlangoni kwangu, natamani ningempa kitu. Hapo ndo anapoanza kubadilika, kabla hata hajaoneshwa kaburi lake. Hapo sauti inanikwama kila mwaka.

Muswada wenyewe upo New York, Morgan Library, mwandiko wake umejaa mikato na masahihisho. Pale mwisho, yale maneno kwamba Tiny Tim HAKUFA, kwenye muswada hayapo, Dickens aliyaongeza baadaye kabla kitabu hakijatoka. Nikiyafikia huwa nanyamaza kidogo kwanza, ndo nayasoma.