Damu Yako ni 9, Halafu? Maswali na Majibu Kuhusu Vipimo vya Damu

Swali: Nimetobolewa kidole nikaambiwa wingi wa damu ni 9. Mbona natakiwa kupima tena?

Kwa sababu 9, yaani gramu 9 za himoglobini (protini ya chembe nyekundu inayobeba oksijeni) kwa desilita ya damu, inasema damu imepungua, haisemi imekwenda wapi. Chanzo kinaweza kuwa hedhi nzito, safura, kidonda cha tumbo kinachovuja, malaria, figo au seli mundu, na kila kimoja kina tiba yake. Tena, kidole kikikamuliwa sana, majimaji ya mwili huchanganyika na damu na namba hushuka. Damu ya mshipani inaaminika zaidi.

Swali: FBP inaonyesha nini?

Ni picha kamili ya damu: chembe nyekundu, nyeupe na chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda. Huhitaji kufunga kula. Damu huwekwa kwenye tyubu ya kifuniko cha zambarau yenye dawa ya kuzuia kuganda, kisha hupinduliwa taratibu mara 8 hadi 10. Hapa ndipo makosa mengi huanzia: isipochanganywa vizuri, vibonge hutokea na mashine huhesabu chembe sahani chache kuliko zilizopo.

Kawaida chembe sahani ni 150,000 hadi 450,000 kwa mikrolita. Jibu likija 40,000 na mgonjwa hana michubuko wala hatoki damu puani au kwenye fizi, omba zitazamwe kwa darubini kabla ya kuhangaika. Kwa watu wengine dawa ile ya tyubu ndiyo inayozishikanisha. Damu ikichukuliwa upya kwenye tyubu ya kifuniko cha bluu, mara nyingi hesabu hurudi sawa.

Usiiache MCV, yaani ukubwa wa chembe nyekundu. Kwa mtu mzima ni femtolita 80 hadi 100. Ikiwa chini ya 80, fikiria kwanza upungufu wa madini chuma. Ikizidi 100, fikiria upungufu wa vitamini B12 au foleti, pombe au ugonjwa wa ini. Ili kuthibitisha upungufu wa chuma hupimwa feritini, yaani akiba yake. Chini ya mikrogramu 15 kwa lita kwa mtu mzima mwenye afya, akiba imekwisha. Lakini maambukizi huipandisha, hivyo jibu "zuri" la mtu mwenye homa lisikutulize.

Swali: Naishi Arusha. Mwinuko unabadilisha kitu?

Ndiyo, na wengi hawaambiwi. Jiji liko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na mwili hutengeneza himoglobini zaidi. Shirika la Afya Duniani linaelekeza kuongeza 0.8 kwenye kiwango cha chini kwa mwinuko huo. Mwanamke asiye mjamzito, ambaye kiwango chake pwani ni 12, Arusha ni 12.8. Moshi mjini, iliyo chini ya mita 1,000, huongezwa 0.4.

Swali: Kipimo cha haraka cha seli mundu kimetoka chanya. Mtoto ni mgonjwa?

Bado hujajua. Kipimo cha darubini au cha kuyeyusha hakitofautishi mgonjwa na mbebaji wa kinasaba, na kwa mtoto chini ya miezi 6 kinaweza kukosea. Omba elektroforesi ya himoglobini au HPLC, vipimo vya maabara vinavyotenganisha aina za himoglobini. Kama ameongezewa damu karibuni, mwambieni daktari: damu ya mchangiaji huvuruga jibu kwa takriban miezi 3.

Swali: Juisi ya rozela inatosha kuongeza damu?

Kwa damu 9, hapana. Meza vidonge vya chuma ulivyoandikiwa, mbali na chai na maziwa, na upime tena baada ya wiki 4. Damu isipopanda walau kwa 1, rudi hospitali chanzo kitafutwe upya. Ikipanda, endelea na dawa miezi 3 zaidi ili akiba ijae.